Je, Wajua? VVU Haviingii Bila Kupokelewa

Je, wajua kwamba ile CD4 anayosomewa mgonjwa kliniki ni jina la kipokezi chenyewe ambacho VVU hukishika kwanza vinapotaka kuingia ndani ya seli? Mashine inapotoa 350, maana yake imehesabu seli nyeupe 350 zilizovaa protini hiyo katika mikrolita moja ya damu. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 500 na 1,500 hivi. Zikishuka chini ya 200, magonjwa nyemelezi hupata upenyo.

CD4 haikuumbwa kwa ajili ya virusi. Kazi yake ni kuisaidia seli ya kinga kumtambua adui na kutoa amri. Timu mbili, moja ya London na nyingine ya Paris, ndizo zilizoitambua kuwa kipokezi cha VVU, na taarifa zao zilitoka katika toleo lilelile la jarida la Nature, Desemba 1984.

Je, wajua kwamba CD4 peke yake haitoshi? Mwaka 1986 watafiti wa Marekani waliziwekea seli za panya CD4 ya binadamu. Virusi vikanata juu ya seli, vikaishia hapohapo. Kulikuwa na kitu kingine, na kukipata kulichukua miaka kumi. Mei 1996 kundi la Edward Berger, katika taasisi za afya za taifa za Marekani, likatangaza kipokezi cha pili, ambacho leo kinaitwa CXCR4. Mwezi uliofuata, maabara tano tofauti zikatangaza kingine, CCR5, karibu kwa mpigo. Nadhani hata mashabiki wa mbio za mita 100 hawajaona wakimbiaji watano wakifika kwenye utepe kwa ukaribu ule.

Tusogee tuone kirusi chenyewe. Upana wake ni kama nanomita 120, na juu ya mwili wake kuna miiba michache, wastani wa 14 tu. Kila mwiba una vipande vitatu vya protini ya gp120 kwa nje na vitatu vya gp41 chini yake. Kwanza gp120 hushika CD4. Ikishashika hujikunjua, na sehemu iliyokuwa imefichwa hujitokeza na kukamata CCR5 au CXCR4. Hapo gp41 hufyatuka kama chusa la mvuvi na kuzama kwenye utando wa seli. Kisha hujikunja yenyewe, ikiuvuta utando wa kirusi na ule wa seli mpaka vishikane na kuwa kitu kimoja. Yaliyomo ndani ya kirusi humwagika ndani ya seli. Ufundi wa kutisha, lakini ni ufundi.

Je, wajua kwamba virusi vinavyomwambukiza mtu kwa mara ya kwanza karibu siku zote ni vile vinavyotumia CCR5? Vinavyotumia CXCR4 huja baadaye kwa baadhi ya wagonjwa, na vikija, CD4 huelekea kushuka haraka zaidi. Uganda, ambako aina D ya VVU imeenea sambamba na aina A, utafiti wa wilaya ya Rakai umeonyesha kuwa aina D hutumia CXCR4 mara nyingi zaidi, na wenye aina hiyo walikuwa wakidhoofika upesi kabla ya kuanza dawa.

Kuna watu wasio na CCR5 kabisa juu ya seli zao, na wanaishi. Jini lao la CCR5 limepungukiwa herufi 32, kwa hiyo protini hutoka pungufu na kubaki ndani ya seli. Aliyerithi upungufu huo kwa baba na kwa mama ni vigumu sana kuambukizwa VVU vinavyotumia CCR5. Watu wa namna hiyo ni kama asilimia 1 ya wenye asili ya Ulaya. Kwa Waafrika upungufu huo karibu haupo. Na kama umewahi kusikia kijiweni kwamba wenye damu ya kundi O hawapati UKIMWI, usipoteze muda: kundi la damu si kipokezi cha VVU.

Je, wajua kwamba Nairobi kulikuwa na wanawake walioishangaza dunia bila upungufu huo? Mimi hapa ndipo ninapovutiwa kuliko kote. Tangu mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba, Kanada, akiwemo Frank Plummer, walikuwa wakiwafuatilia wanawake wa Pumwani na Majengo waliojipatia riziki kwa biashara ya ngono. Wachache kati yao walikutana na virusi mwaka baada ya mwaka, vipimo vikaendelea kuwa hasi. Habari za CCR5 zilipovuma, seli zao zikapelekwa maabara: zikaambukizwa kama za mtu mwingine yeyote. Siri ikaelekea kuwa kwenye seli za kinga zilizokwisha kuzoea kuwinda seli zilizoambukizwa. Cha kustaajabisha, baadhi ya waliopunguza kazi hiyo au kuiacha kwa muda waliambukizwa baadaye, kana kwamba kinga ile ilihitaji mazoezi ya kila mara.

Wanyama nao wana yao. Tumbili wana virusi vyao vya jamii hii, SIV, na hawaugui. Seli zao za CD4 zinapokomaa huivua CD4 na kuendelea na kazi zake kama kawaida, hivyo virusi hukosa pa kushika. Kima wenye utosi mwekundu wa misitu ya Gabon na Kameruni, wengi wao, wamepungukiwa herufi 24 katika jini la CCR5. Virusi vyao havikukata tamaa, vikahamia CCR2. Paka nao wana virusi vyao, FIV, ambavyo mwaka 2004 viligundulika kuwa hushika CD134 badala ya CD4, halafu CXCR4. Ndugu za virusi hivyo wamo katika karibu simba wote wazima wa Serengeti. Havimwambukizi binadamu.

Je, wajua kwamba vidonge vya TLD vya kufubaza VVU vinavyotolewa kliniki nyingi za Afrika Mashariki havizuii virusi kuingia? Vidonge hivyo huvivizia virusi vikiwa vimeshaingia. Dawa ya kukaa kwenye CCR5 ipo, maraviroc, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2007, lakini kwanza lazima mgonjwa apimwe ijulikane virusi vyake vinatumia kipokezi kipi. Vikiwa ni vya CXCR4, anameza bure. Ibalizumab, ya mwaka 2018, hukaa kwenye CD4 na hutolewa kwa dripu kila wiki mbili.

Timothy Ray Brown, Mmarekani mwenye VVU aliyeishi Berlin, alipandikizwa uboho mwaka 2007 na tena 2008 kutibu saratani ya damu. Daktari alimchagulia mtoaji asiye na CCR5. VVU havikurudi hadi Brown alipofariki mwaka 2020, kwa saratani ileile. Lakini mgonjwa mwingine wa Ujerumani aliyefanyiwa vivyo hivyo alirudiwa na virusi, kwa sababu vyake vilitumia CXCR4. Na mwaka 2023 ikatangazwa habari ya mgonjwa wa Geneva ambaye mtoaji wake alikuwa na CCR5 nzima, ila virusi vikawa bado havijaonekana tena.

Mwaka 2018 mwanasayansi He Jiankui wa China alitangaza kuzaliwa kwa mapacha ambao alijaribu kuwaharibia jini la CCR5 wakiwa viinitete. Alihukumiwa kifungo cha miaka 3. Uzembe wake, kwa maoni yangu, ulikuwa kudhani CCR5 haina kazi. Hupokea ujumbe wa kikemikali unaoziita seli za kinga mahali penye uvimbe, na wasio nayo huugua zaidi wakipatwa na kirusi cha West Nile, ambacho kilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1937, Uganda, kwa mwanamke aliyekuwa na homa.