Betri Kubwa Haiponyi Waya Mbovu

Katika gari lenye umri wa miaka ishirini na zaidi, stata inayozunguka kwa uzito asubuhi huzua swali lilelile: inunuliwe betri ya ukubwa gani? Swali hilo hubisha hodi mlango usio wake. Betri na stata huunganishwa na nyaya nene, altaneta na betri huunganishwa na nyingine, na kabla ya nyaya hizo kupimwa hakuna anayejua kama betri ina kosa lolote.

Imani kwamba betri kubwa hushinda waya mchovu haina msingi. Stata ya gari dogo la petroli huvuta ampea 100 hadi 200, na ya dizeli huzidi hapo. Kwa mkondo wa ampea 150, ukinzani wa omu 0.01 tu kwenye waya au kiungo chake hula volti 1.5. Betri nzima hushuka hadi karibu volti 10.5 stata inapovuta, ikiondolewa 1.5, stata hubaki na 9. Kuhama kutoka NS40 hadi N70 hakubadili hesabu hiyo, kwa kuwa zote ni betri za volti 12. Kinachoongezeka zaidi ni muda wa kuendelea kupoteza umeme kwenye kiungo kilekile, nacho kinazidi kupata joto.

Tiba hiyo hupata wafuasi kwa sababu huonekana kufanya kazi. Anayefunga betri mpya hufungua terminali, huzikwangua na kuzikaza. Ukinzani hupungua kwa kazi ya msasa, sifa huenda kwa betri. Kasoro ikiwa upande wa altaneta, betri mpya nayo hunyimwa chaji: altaneta hutoa volti 14.2, betri hupokea 13.3. Betri isiyojaa hujenga salfeti kwenye sahani zake na kufa mapema. Mwenye gari hulaani kiwanda, kisha hununua kubwa zaidi.

Kumwagia terminali maji ya moto ni ndugu wa imani hiyo. Maji huosha unga mweupe wa nje, lakini kutu ya kijani ya shaba hutambaa chini ya ganda la waya, hasa pwani kwenye unyevu na chumvi. Kutegemea mlio wa mita nako hakufai. Mita hulia hata uzi mmoja wa shaba ukibaki mzima kati ya mia, na mita ya kawaida haiwezi kusoma omu 0.01.

Kipimo sahihi hufanywa mkondo ukipita. Mita huwekwa kwenye volti. Ncha moja hugusa nguzo hasi ya betri yenyewe, si terminali, na nyingine chuma kitupu cha injini, huku msaidizi akizungusha stata. Zaidi ya volti 0.3 ni kosa. Kutoka nguzo chanya hadi boliti ya stata, mwisho ni 0.5. Kwa altaneta, injini iungurume kwa mizunguko kama 2,000 kwa dakika, taa zikiwaka: kati ya boliti yake ya kutolea umeme na nguzo chanya, na kati ya ganda lake na nguzo hasi, kila upande usizidi 0.2.

Waya wa ethi ndio unaosahaulika zaidi. Injini hukaa juu ya raba, kwa hiyo umeme kati yake na bodi huhitaji mkanda wake wa shaba. Mkanda ukikatika, mkondo wa stata unaweza kupita kwenye kebo ya mafuta au ya gia, ukaiunguza.

Waya wa kubadilisha uwe shaba tupu yenye nyuzi nyembamba nyingi. Alumini iliyopakwa shaba hupitisha umeme vibaya zaidi, na unene wa ganda si unene wa shaba. Kwa petroli ya volti 12, milimita za mraba 25 hutosha. Kwa dizeli, 35 hadi 50. Beetle nyingi za kabla ya 1967, zenye volti 6, hudai waya mnene zaidi, kwa kuwa kazi ileile huhitaji mkondo maradufu. Altaneta ya ampea 60 hutosheka na waya wa milimita za mraba 10, ya 100 ipewe 16. Fyuzi kuu iliyokuwa kwenye waya wa zamani irudishwe. Waya wa kulehemu unafaa. Waya wa nyumbani hukatika kwa mtikisiko.

Kichwa cha waya kibanwe kwa mashine ya kubania, kisipigwe nyundo. Risasi ya kuchomea hukakamaza nyuzi, zikavunjika pembeni mwake. Rangi ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, boliti ikazwe, grisi ipakwe juu. Upande wa ethi hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho. Katika baadhi ya magari ya Kiingereza ya miaka ya 1950 na 1960, ethi ni chanya. Kisha kipimo kirudiwe. Volti zikiwa ndani ya mipaka na stata bado inasuasua, ndipo betri, na baada yake stata yenyewe, zichunguzwe.