Maji au Upepo: Ukiipandisha Kasi Kompyuta, Joto Utalipeleka Wapi?

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosikika redioni)



Mwezi uliopita mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuja nyumbani kuniomba fedha. Kijana huyu yupo hapa Dar es Salaam, na riziki yake ni kuhariri video za harusi. Kompyuta ndiyo jembe lake. Ili kazi iishe mapema, aliipandisha kasi, yaani aliilazimisha prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikimbie kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Siku mbili tatu alifurahi. Siku ya nne, akiwa katikati ya video ambayo wenye harusi walikuwa wakiisubiri, kompyuta ilizimika yenyewe kwa joto. Akaiwasha, ikazimika tena. Kazi ilichelewa, wenyewe wakakasirika, na salio la malipo yake hakulipata.

"Mjomba," akaniambia, "niongezee kidogo ninunue kipoza cha maji. Hiki cha feni kimeshindwa."

Nilimwambia akae kwanza anywe chai. Kwa sababu swali lake ni swali la vijana wengi siku hizi, wahariri wa video na wapenda michezo ya kompyuta, nimeona leo tulizungumze pamoja.

Tuanze na joto lenyewe. Umeme wote unaoingia ndani ya prosesa hutoka ukiwa joto. Ukiongeza kasi peke yake, joto huongezeka kwa kiasi kilekile. Lakini prosesa inayokimbizwa huanza kuyumba, na ili isiyumbe hapana budi kuiongezea volti. Hapo ndipo mambo yanapoharibika, maana joto hupanda kwa mraba wa volti. Chukueni kalamu. Tuseme umeongeza kasi kwa asilimia 20 na volti kwa asilimia 10. Zidisha 1.2 kwa 1.1, kisha tena kwa 1.1. Utapata 1.45. Umepata kasi ya asilimia 20, lakini umelipia joto la asilimia 45. Na hilo joto lazima litoke, tena kupitia kipande cha silikoni kisichozidi ukubwa wa stempu ya barua.

Zamani jambo hili lilikuwa dogo. Prosesa ya Pentium ya mwaka 1993 ilitoa wati 15 hivi, na feni ndogo ilitosha. Mwaka 1998 kampuni ya Intel ilitoa Celeron 300A, ya megahezi 300, na wajanja wakagundua kwamba nyingi kati yake zinaweza kukimbia kwa megahezi 450 bila taabu kubwa. Nusu ya kasi nzima, bure! Sifa za kupandisha kasi zilienea sana kwa ajili ya prosesa kama hizo. Lakini Core i9-13900K ya mwaka 2022, ya kampuni hiyohiyo, ikifanya kazi nzito inaruhusiwa kufika wati 253 kabla hujaigusa. Hizo ni kama balbu nne za wati 60, zile za mtindo wa zamani, zimebanwa mahali pamoja.

Sasa tuvitazame vipoza vyenyewe.

Kipoza cha hewa kina bapa la shaba linalokaa juu ya prosesa, mabomba membamba ya shaba yanayopanda juu, vibapa vingi vya alumini vilivyopangwa kama kurasa za kitabu, na feni moja au mbili za kupuliza. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ndani ya yale mabomba ya shaba mara nyingi mna maji kidogo. Maji hayo huchemka upande wa prosesa hata kabla ya nyuzi 100, kwa kuwa hewa imeondolewa humo. Mvuke hupanda na joto, hulitua kwenye vibapa, kisha hugeuka maji na kurudi chini. Hakuna pampu, wala sehemu inayozunguka, isipokuwa feni. Kwa hiyo anayesema "hiki ni cha hewa, hakina maji" hajakifungua akaona.

Kipoza cha maji nacho kina bapa juu ya prosesa, lakini juu ya bapa hupita maji yanayosukumwa na pampu. Maji hupokea joto, hupita katika mipira miwili, huingia kwenye rejeta, na feni za rejeta hulipuliza lile joto nje. Vile vinavyouzwa vikiwa vimefungwa kabisa kiwandani huwa na rejeta ya feni moja, mbili au tatu. Vipo pia vya kujiungia mwenyewe kipande kwa kipande, ambavyo ni ghali zaidi na vinataka fundi mwenye subira.

Hapa ndipo mpwa wangu alipokosea, na nadhani wengi hukosea pamoja naye. Sisi tumekulia kwenye mtungi. Tunajua kwamba maji ya mtungini ni baridi kuliko chumba, basi tukisikia "kipoza cha maji" tunauona mtungi. Lakini maji ya mtungi hupoa kwa sababu machache hupenya katika udongo, yakakauka na kuondoka na joto. Maji ya kipoza cha kompyuta yamefungwa. Hayakauki, hayapoi yenyewe. Kazi yake ni uchukuzi. Hubeba joto kutoka kwenye prosesa na kulipeleka kwenye rejeta, na huko mpokeaji ni hewa ya chumbani. Hata yafanyeje, hayawezi kuwa baridi kuliko hewa hiyo.

Wenye umri wangu wanaikumbuka Volkswagen ya zamani, ile yenye mgongo wa kobe. Injini yake haikuwa na maji ya rejeta. Ilipozwa kwa upepo, na mwaka 1962 gari la aina hiyo lilishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki. Magari mengine yalikuwa na maji na rejeta. Lakini rejeta nayo ililitupa wapi joto? Katika upepo uleule wa barabarani.

Basi msiulize kati ya maji na hewa kipi kina nguvu. Vyote viwili mwisho wake ni hewa. Ulizeni joto langu ni kiasi gani, hewa ya chumba changu ina joto gani, na njia ya kulitoa nje ina upana gani.

Maji yana sifa zake za kweli, nami sitayanyima haki. Lita moja ya maji hubeba joto mara zaidi ya elfu tatu kuliko lita moja ya hewa kwa kila nyuzi moja ya kupanda. Kwa hiyo mpira mwembamba hutosha kulihamisha joto hadi kwenye rejeta kubwa iliyo juu au mbele ya kasha. Tena maji huchelewa kupata moto. Kazi nzito ya dakika chache huisha kabla hayajachemka uso. Ndiyo maana mwaka 1980 kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta yake kubwa, 3081, ikiwa inapozwa kwa maji, na mwaka 1985 Cray-2 ilizamishwa nzima katika kimiminika kisichopitisha umeme. Wale walikuwa na joto ambalo upepo haukuliweza.

Lakini kazi ya mpwa wangu si ya dakika chache. Video ya harusi huchakatwa saa nzima au mbili. Maji yakishapata joto lake lote, ule ubora wa kuchelewa umekwisha, na kinachobaki ni ukubwa wa rejeta na nguvu za feni. Rejeta ndogo ya feni moja haina mengi ya kujivunia mbele ya kipoza kikubwa cha hewa. Mfano wa kipoza hicho ni Noctua NH-D15 ya mwaka 2014: mabomba sita ya shaba, feni mbili, na uzito wa kilo moja na robo na zaidi.

Uzito huo una maana yake. Kipoza kama hicho kinaning'inia kwenye bodi kuu ya kompyuta. Ukiisafirisha kompyuta kwa basi kwenda Songea au Kigoma, kifungue kwanza, la sivyo mitikisiko itaivunja bodi. Rejeta ya maji hufungwa kwenye kasha lenyewe, haiielemei bodi. Hiyo ni alama moja kwa maji. Alama ya pili ni kasha dogo lisilo na nafasi ya kipoza kirefu. Ya tatu ni prosesa inayovuka wati 200 au 250 kwa muda mrefu; hapo rejeta ya feni tatu inastahili fedha zake.

Kwa upande wa hewa, alama ya kwanza ni bei. Kipoza kizuri cha maji aghalabu huuzwa mara mbili au tatu ya kipoza kizuri cha hewa. Ya pili ni maradhi. Feni ya kipoza cha hewa ikifa, unanunua nyingine, unaifunga kwa dakika tano, na kipoza kinaishi miaka mingine kumi. Pampu ya kipoza kilichofungwa ikifa, kwa kawaida unatupa chote. Maji nayo hupungua kidogo kidogo kupitia mipira, mwaka hadi mwaka. Kuvuja ni nadra, lakini kukitokea, maji huangukia vitu vya thamani. Mwaka 2004 kampuni ya Apple iliuza Power Mac G5 zilizopozwa kwa kimiminika, na baadaye baadhi yake zilivuja na kuharibika ndani. Kwa hiyo ukinunua cha maji, soma dhamana yake ni ya miaka mingapi, na ukifunga, hakikisha pampu haiwi sehemu ya juu kuliko zote, maana viputo vya hewa hukusanyika juu na pampu isiyopata maji haidumu.

Nitoe na onyo moja kwa sisi wa pwani. Wapo wanaoshauriana kutia barafu kwenye maji ya kipoza. Mmeiona chupa ya soda ikitolewa kwenye friji mwezi wa Februari? Hutoka jasho mpaka meza ikalowa. Basi ndivyo prosesa itakavyotoka jasho, na jasho hilo litateremka kwenye umeme.

Jambo la mwisho kabla sijarudi kwa mpwa wangu. Vipimo vingi tunavyovisoma vimefanywa katika vyumba vya Ulaya na Marekani vyenye nyuzi 20 au 22. Chumba chako kikiwa na nyuzi 32, ongeza kumi kwa kila kipimo, kiwe cha maji au cha hewa. Maji hayakuepushi na hesabu hiyo.

Naam. Tulikwenda kwake. Kompyuta ilikuwa ndani ya kabati la meza, mgongo umeelekea ukutani, mlango wa kabati umefungwa kwa kuogopa vumbi. Vumbi lenyewe lilikwisha kuingia zamani. Lilikuwa limejaa katikati ya vibapa kama pamba. Tukaitoa, tukaifuta kwa brashi, tukapaka grisi mpya ya kupitisha joto, tukaiweka juu ya meza mbele ya dirisha, pangaboi likizunguka. Kazi ileile iliyokuwa ikifika nyuzi 95 sasa ilifika 84, na hatukuwa tumenunua kitu isipokuwa grisi.

Kisha nikamwomba anionyeshe faida ya kule kupandisha kasi. Tukapima video moja mara mbili, kasi ya kiwandani na kasi aliyoipandisha. Kazi ya saa nzima ilipungua kwa dakika tatu. Prosesa za siku hizi, wasikilizaji, hutoka kiwandani zikiwa zimekimbizwa karibu na kikomo chake. Si zile za mwaka 1998. Dakika tatu hizo ndizo zilizomtoza salio la harusi nzima.

"Sasa mjomba, unaniambia nisinunue?" akauliza.

Nikamwambia anunue, lakini kipoza cha hewa kilicho kikubwa, na feni mbili za kasha, moja ya kuingiza hewa mbele na moja ya kuitoa nyuma. Kuhusu kasi, nilimshauri airudishe ya kiwandani na ajaribu njia ambayo vijana hawaipendi kwa kuwa haina majivuno: kushusha volti kidogo kidogo, akiipima kompyuta kila hatua isiyumbe. Ule mraba uliotuumiza mwanzo hapo hutusaidia. Volti ikishuka asilimia 10, joto hushuka asilimia 19, na kasi yaweza kubaki ileile.

Fedha niliyompa ilikuwa theluthi ya aliyoiomba. Juma lililopita amenipigia simu kwamba amekabidhi video ya harusi ya Jumamosi siku ya Jumanne, na kompyuta haijazimika hata mara moja. Bado anatamani zile taa za rangi za kipoza cha maji. Nimemwambia akipata fedha zake mwenyewe, na kasha lake likipata hewa, anunue kwa raha zake.

Tukijaaliwa, tutakutana tena juma lijalo. Kwa leo ni hayo. Kwaherini.