Selimundu na Malaria: Swali Alilolijibu Anthony Allison (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, zinavyojikunja mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo, na mtoto akakesha akilia kwa maumivu ya mifupa. Ndugu zetu wa Tanzania wanauita ugonjwa huu selimundu; sisi wa Tenke, Fungurume na Kolwezi tumezoea kuuita SS. Tuliishia kwenye swali gumu. Zamani watoto wengi wenye SS walikufa kabla ya kukua na kuzaa. Iweje basi urithi unaoua wenyewe usiishe, bali uendelee kizazi hata kizazi?

Aliyelijibu swali hilo ni Anthony Allison. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akakulia shambani Gilgil, katika Bonde la Ufa nchini Kenya. Alisoma Johannesburg, kisha Oxford. Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi, alifuatana na msafara wa chuo chake uliokwenda Mlima Kenya. Yeye kazi yake ilikuwa kukusanya damu za watu wa jamii mbalimbali ili alinganishe makundi ya damu. Katika kazi hiyo akapima pia selimundu.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Tone la damu huwekwa juu ya kipande cha kioo, likachanganywa na dawa ya kuondoa oksijeni, likafunikwa kwa kioo kingine chembamba. Ukisubiri kidogo kisha ukachungulia kwa darubini, damu ya mtu asiye na urithi huu hubaki na chembe zake za mviringo. Ya mwenye nao, hata kama ni mzima wa afya, utaona chembe zinaanza kuchongoka na kupinda mbele ya macho yako.

Alipoyapanga majibu yake, Allison aliona jambo la ajabu. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na urithi huo. Kwenye nyanda za juu zenye baridi hakufika hata mmoja katika 100. Kwa kuwa alikulia Kenya, aliijua ramani nyingine inayofanana na hiyo: ramani ya malaria. Palipo na mbu wengi, selimundu nyingi. Pasipo na mbu, hakuna. Akawaza kwamba huenda anayebeba urithi huu kwa mzazi mmoja tu anapata kinga dhidi ya malaria.

Hakukimbilia kutangaza. Alirudi Uingereza kumaliza masomo ya udaktari, ndipo mwaka 1953 akaja tena Afrika Mashariki kutafuta ushahidi. Karibu na Kampala alipima watoto 290. Kati ya wasio na urithi wa selimundu, 45.7 katika 100 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya wenye nao, 27.9 tu. Halafu Nairobi, wanaume 30 wa Kiluo walikubali kuambukizwa malaria: 15 wabebaji na 15 wasio wabebaji. Katika wasio wabebaji walishikwa 14. Katika wabebaji, wawili tu. Jaribio kama hilo leo lisingeruhusiwa kwa urahisi, na tunapomsifu Allison tuwakumbuke na wale wanaume 30. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954.

Msomaji wa Lualaba ajue pia kwamba dokezo la kwanza lilitoka karibu na kwetu. Mwaka 1946 daktari E. A. Beet aliandika kuhusu wagonjwa wa Balovale, mji unaoitwa leo Zambezi, kwa Walunda na Waluvale wa ng'ambo ya mpaka. Aliona vimelea vya malaria katika wabebaji 10 kati ya 102, na katika watu 75 kati ya 491 wasiobeba. Allison mwenyewe aliitaja kazi hiyo.

Sasa tuelewe urithi wenyewe. Sisi wa Tenke tunaishi penye njia panda ya reli: njia itokayo Dilolo kupitia Kolwezi inakutana hapa na ile ya Lubumbashi na Kamina. Mtoto naye ni njia panda. Kila mzazi anampa herufi moja, A au S. Akipata A mbili, damu yake ni ya kawaida, lakini malaria kali inaweza kumwua angali mdogo. Akipata S mbili, ni mgonjwa wa SS. Akipata A na S, ni mzima, na malaria kali humpata kwa nadra. Hao wa AS ndio waliosalimika wengi zaidi, wakakua, wakazaa, wakairithisha S. Kwa njia hiyo mbu ndiye aliyeitunza selimundu.

Wala tusijidanganye kwamba Tenke iko juu, hivyo S haituhusu. Migodi na reli zilileta hapa watu wa Kasai, wa Rwanda, wa Zambia ya leo, na kila mmoja alikuja na damu ya kwao. Kongo ni mojawapo ya nchi tatu duniani ambako huzaliwa watoto wengi zaidi wenye SS, pamoja na Nigeria na India.

Kazi ya Allison haikuishia hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alirudi Kenya kuongoza maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo, ILRAD, iliyopambana na ndigana na nagana. Baadaye, Marekani, yeye na mkewe Elsie Eugui waliongoza utafiti wa mikofenolati, dawa iliyoidhinishwa mwaka 1995 kuwasaidia waliopandikizwa figo. Alifariki mwaka 2014.

Elimu hii ina faida gani nyumbani? Kwanza, mtoto wa SS hakurogwa, wala si kosa la mama peke yake: S moja ilitoka kwa baba. Pili, wazazi wawili wa AS wana uwezekano wa moja kati ya nne wa kupata mtoto wa SS katika kila mimba. Hesabu huanza upya kila mara. Aliyezaa mgonjwa mmoja hajahakikishiwa kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama. Tatu, mgonjwa akigunduliwa mapema, akapewa penisilini, chanjo, maji ya kutosha na hidroksiyurea kwa uangalizi wa daktari, anaweza kukua na kusoma kama wenzake. Na wa AS bado alale ndani ya chandarua. Kinga yake si kamili.

Kwa vijana mnaotaka kuoana ninasema hivi: kabla ya kupeleka mahari, pelekeni damu ikapimwe.

(Itaendelea)