Viwanda vya magari vya kampuni za kigeni nchini Marekani

Viwanda vya magari vya kampuni za kigeni nchini Marekani ni viwanda vilivyoanzishwa huko na kampuni zenye makao makuu katika nchi nyingine, hasa Japani, Ujerumani na Korea Kusini.

Mwanzo

Rolls-Royce ya Uingereza ilitengeneza magari mjini Springfield, Massachusetts, kati ya miaka 1921 na 1931. Mwaka 1978 Volkswagen ya Ujerumani ilifungua kiwanda katika jimbo la Pennsylvania. Mauzo yake yalishuka, na kiwanda kikafungwa mwaka 1988.

Kampuni za Japani

Bei ya mafuta ilipopanda miaka ya 1970, Wamarekani wengi walianza kununua magari madogo kutoka Japani. Wafanyakazi wengi wa kampuni za Detroit walipoteza ajira. Mwaka 1981, kwa shinikizo la Marekani, Japani ilikubali kutopeleka huko zaidi ya magari 1,680,000 kwa mwaka. Magari yaliyotengenezwa ndani ya Marekani hayakuhesabiwa katika kikomo hicho. Hivyo, kampuni yenye kiwanda huko iliweza kuendelea kukuza mauzo yake.

Honda, iliyokuwa ikitengeneza pikipiki katika jimbo la Ohio tangu 1979, ilianza kutengeneza magari mjini Marysville mwaka 1982. Nissan ilifuata mwaka 1983 mjini Smyrna, Tennessee. Mwaka 1984 Toyota ilishirikiana na General Motors kufungua upya kiwanda cha Fremont, California, kilichokuwa kimefungwa mwaka 1982. Wengi wa walioajiriwa walikuwa wafanyakazi wake wa zamani.

Wafanyakazi na majimbo ya kusini

Viwanda vingi vya baadaye vilijengwa kusini, mbali na Detroit: BMW katika South Carolina (1994) na Mercedes-Benz katika Alabama (1997). Majimbo yalishindana kuvutia kampuni hizo kwa misamaha ya kodi na kwa kuzijengea barabara. Aidha, huko chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, hakikuwa na nguvu kama kaskazini.

Volkswagen ilirudi mwaka 2011 kwa kufungua kiwanda mjini Chattanooga, Tennessee. Wafanyakazi wake walikataa kwa kura kuwakilishwa na UAW mwaka 2014 na tena mwaka 2019, lakini walikubali mwaka 2024.