Mafunzo ya Uuguzi, na Mlango wa Kuyaingia

Katika mazungumzo haya twataka kueleza jinsi mtu anavyofunzwa hata akawa mwuguzi mwenye stashahada. Twazungumza hasa na watu wa Mbinga na wa pwani ya Ziwa Nyasa, tangu Lituhi na Liuli hata Mbamba Bay na vijiji vilivyo kusini yake. Huko kijana akisema, "Nataka kuwa nesi," wazee hufurahi. Lakini ni wachache wanaojua mambo yanayotakiwa, na wengine huyajua wakati umekwisha kupita.

Wako watu wanaodhani kuwa kazi ya mwuguzi ni kuchoma sindano na kufunga vidonda tu, na kwamba mtu mwenye mkono mwepesi aweza kuijua kwa miezi michache. Sivyo. Tufikiri habari ya mama mmoja aliyejifungua usiku katika zahanati ya kijiji kando ya ziwa. Mtoto analia, jamaa wanapiga vigelegele, lakini damu ya mama haikomi. Mwuguzi aliyefunzwa hangojei asubuhi. Ajua kuwa baada ya kuzaa yapasa kizazi kijikaze na kuwa kigumu. Kisipojikaza, mishipa hubaki wazi na damu hutoka. Kwa hiyo mara mtoto alipozaliwa alimchoma mama sindano ya oksitosini, kipimo cha yuniti 10. Sasa akanda tumbo la mama, atazama kama kondo la nyuma limetoka zima, atazama kama mama amechanika, ahesabu mapigo ya moyo, tena amtuma mtu kutafuta gari au mashua. Damu ikifika nusu lita, hatari imekwisha kuingia.

Tena ile oksitosini huharibika kwa joto. Yapasa ikae katika jokofu, katika baridi ya digrii 2 hata 8. Kama mtu aliiacha mezani siku nyingi, kichupa chaonekana kizuri vilevile, lakini nguvu ya dawa imepungua, wala mama hajui. Mambo haya yote hutendwa kwa dakika chache, na hapana nafasi ya kufungua kitabu. Ndiyo sababu mafunzo haya ni ya miaka mitatu.

Desturi ya kuwafunza wauguzi kwa utaratibu si ya jana. Bibi Florence Nightingale, Mwingereza, aliwauguza askari huko Scutari tangu mwaka 1854, wakati wa vita vya Crimea, akaona ya kuwa wengi walikufa kwa uchafu na maradhi kuliko kwa majeraha. Mwaka 1860 shule ya wauguzi ilifunguliwa kwa jina lake katika hospitali ya St Thomas, mjini London. Neno kuu la shule ile lingali likishikwa hata leo: mwuguzi hujifunza darasani na wodini pamoja. Kwa hiyo vyuo vingi vya uuguzi vimejengwa karibu na hospitali. Katika mkoa wa Ruvuma mfano ni Peramiho, misheni iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, ambako chuo cha afya na hospitali ni majirani. Na watu wa ziwani na wa milimani wajua jinsi kazi ya wauguzi ilivyo kubwa katika hospitali ya Mtakatifu Anna huko Liuli, na katika hospitali ya Litembo huko Umatengo.

Sasa tueleze mafunzo yenyewe. Jina lake ni Stashahada ya Uuguzi na Ukunga. Mwaka wa kwanza huitwa ngazi ya 4, wa pili ngazi ya 5, na wa tatu ngazi ya 6, ambayo ndiyo stashahada. Mwanafunzi husoma habari za mwili na kazi ya viungo vyake, wadudu waletao maradhi, dawa, usafi, uuguzi wa watoto na wa wagonjwa wa akili, ukunga, na afya ya jamii. Kisha huenda wodini, akatenda mbele ya macho ya mwalimu yale aliyoyasoma.

Hesabu nayo haiepukiki. Mathalani, dawa ya maji ina miligramu 250 katika kila mililita 5, na mtoto ameandikiwa miligramu 125. Apewe mililita ngapi? Jibu ni 2.5. Mwuguzi asiyeiona nukta ile atampa mtoto mililita 25, yaani mara kumi ya kipimo chake. Nukta moja ndogo yaweza kuwa uhai au mauti.

Katika afya ya jamii, mwanafunzi hujifunza kuzuia maradhi kabla hayajafika zahanati. Watu wa ziwani wakijua kichocho. Konokono wa majini huwalea vijidudu vyake, navyo hupenya katika ngozi ya mtu aogaye au afuaye nguo majini. Mtu akikojoa ziwani, huyarudisha mayai ya ugonjwa yakawatafute konokono tena. Dawa hutibu, lakini kijiji kisichotumia vyoo kitaugua tena. Mwuguzi yampasa aweze kuyasema haya kwa adabu mbele ya wazee na akina mama, wala asimwaibishe mtu.

Basi, mlango wa kuingia ni upi? Mwombaji awe amemaliza kidato cha 4, na kufaulu masomo yasiyopungua manne yasiyokuwa ya dini, na ndani yake ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Akiwa amefaulu Hisabati na Kiingereza pia, ni faida kwake. Hapa ndipo wengi hukwama. Msichana husikia kuwa Fizikia ni ngumu, au kuwa ni somo la wavulana, akaiacha wakati wa kuchagua masomo. Miaka miwili baadaye ashika fomu ya chuo, naye aona mlango aliufunga mwenyewe akiwa na miaka 15. Mkulima wa Umatengo hukata majani kwanza, akayapanga na kuyafukia kwa udongo, ndipo ngoro zake zikamzalia maharagwe. Hangoji siku ya kuvuna. Na wavulana wasidhani kuwa uuguzi ni kazi ya wanawake peke yao. Wagonjwa wawahitaji wote.

Kwa wazazi twasema hivi. Fedha za kahawa huja kwa msimu, na fedha za usipa hutegemea ziwa. Lakini ada ya chuo ina tarehe yake. Kwa hiyo ulizeni mapema, tena kwa maandishi, gharama zote: ada, chakula, malazi, sare, vitabu. Kabla ya kulipa hata senti moja, hakikisheni kuwa chuo kimesajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Stashahada ya chuo kisichosajiliwa ni karatasi tu.

Na mwenye kufuzu hajamaliza. Kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, yampasa asajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga na kupewa leseni, ndipo aruhusiwe kumgusa mgonjwa kwa kazi yake.

Je, taabu yote hii ina faida? Utafiti wa taifa wa mwaka 2015–16 ulihesabu vifo vya akina mama wazazi 556 katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ulihesabu 104. Mambo mengi yalisaidia, na mojawapo ni mikono iliyofunzwa. Lakini hao 104 nao ni akina mama wenye watoto na jamaa. Basi, mzazi mwenye mtoto apendaye kuuguza, mwulize leo, si mwakani: "Fizikia na Kemia unazisoma?"