Kabla ya Kununua Paneli ya Pili

Mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi ilipokaza na mawingu kulificha jua hadi adhuhuri, mama mmoja wa Kangemi, jamaa yetu aliyehamia huko kutoka Lamu, alitushitakia kwamba taa zake za sola huzimika kabla ya saa tatu za usiku, naye ana nguo za watu za kushona. Fundi alimshauri anunue paneli ya pili. Tulimsihi asubiri.

Paneli yake ni ya wati 250, ya seli 60. Jua likiwa kali hutoa nguvu zake zote kwenye volti 30 hivi na ampea 8. Betri ni ya volti 12. Baina yao pana kontrola, kile kisanduku kisimamiacho ujazaji wa betri, na chake kilikuwa cha aina ya PWM. Aina hiyo huiunganisha paneli na betri moja kwa moja, na paneli hulazimika kushuka hadi volti ya betri. Zidisheni ampea 8 kwa volti 13: ni wati 104. Zaidi ya nusu ya alicholipia haikuwa ikifika!

Kontrola ya MPPT huiacha paneli ikae kwenye volti inayoifaa, kisha hugeuza volti za ziada kuwa ampea. Kwa paneli ileile betri ingepata ampea 17 hivi.

Huijuaje volti hiyo? Nyingine hupima volti ya paneli isiyo na mzigo, zikashika kama asilimia 76 yake. Ni makisio tu. Nyingi hujaribu na kutazama: hupandisha volti kidogo, nguvu zikizidi huendelea, zikipungua hurudi, kama mpishi aonjaye chumvi. Mawingu yakipita mbio huweza kudanganyika, zikadhani nguvu zimeletwa na hatua yao kumbe ni jua limefunguka. Njia ya tatu hulinganisha badiliko la ampea na badiliko la volti, nayo hutulia zaidi. Kwa matumizi ya nyumbani, tofauti ya hizi mbili za mwisho ni ndogo; pengo kubwa ni kati ya MPPT na PWM.

Jamaa zetu wa Mombasa husema hawajaona faida hiyo. Hawakukosea sana, ikiwa paneli zao ni zile ndogo za seli 36. Joto hupunguza volti ya paneli, na juu ya bati la pwani volti 18 hushuka hadi 15 hivi, karibu na ile ya betri. Hapo cha kuokoa ni kidogo. Penye baridi volti hubaki juu, na PWM hupoteza zaidi.

Ijumaa baada ya sala pale Jamia tulifuatana naye hadi Luthuli. Tulimwonya kwamba sokoni vimo visanduku vilivyoandikwa MPPT navyo ni PWM tupu. Vya kweli vina koili ndani, na huwa vizito mkononi. Pia kisanduku kiwe kinahimili volti 40 na zaidi, maana paneli yake isiyo na mzigo hufika 37. Kazi ya kufunga aliikabidhi kwa fundi mwenye leseni ya EPRA.

Sasa hushona hadi saa nne. Imebaki mparachichi wa jirani, unaotia kivuli pembe ya paneli tangu alasiri; maneno ya kuupunguza matawi yameshaanza.