Mzee Asiachwe Peke Yake Nyuma ya Lango

Katika mtaa wa Kibenga, kusini mwa jiji la Bujumbura karibu na Ziwa Tanganyika, nyumba nyingi zimezungushiwa kuta ndefu na malango ya chuma. Asubuhi baba huondoka kwenda kambini au ofisini, mama huenda kazini au sokoni, na watoto huenda shuleni. Lango hufungwa. Abakiye ndani, mara nyingi, ni mzee: mama yake baba au baba yake mama, aliyeletwa kutoka mlimani ili apate kutunzwa mjini. Chakula anacho, kitanda anacho, na dawa anazo. Asichokuwa nacho ni mtu wa kuzungumza naye.

Ndugu msomaji, jambo hili lastahili kutazamwa kwa makini. Mtu mwenye umri wa miaka 75 leo alikuwa mtoto wa kwenda shule siku Burundi ilipopata uhuru, tarehe 1 Julai 1962. Ameona mengi, amelea wengi, na huenda ndiye aliyewakusanya watoto na wajukuu katika miaka migumu ya nchi yetu. Huko mlimani alikuwa na migomba yake, majirani zake, na kanisa lake au msikiti wake. Palipozuka ugomvi wa mpaka wa shamba, aliitwa atoe neno. Mjini amekuwa mgeni, na ugeni wake hauna siku ya kwisha. Mtu wa namna hiyo aweza kushiba na bado akadhoofika.

UPWEKE HUDHURU MWILI

Wako wadhanio kwamba upweke ni huzuni tu ipitayo. Sivyo. Mnamo Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka. Asiyekuwa na watu karibu naye yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na maradhi ya moyo, kiharusi, kisukari, na kupungukiwa na kumbukumbu.

Sababu zake si za ajabu. Mzee akaaye peke yake hana hamu ya kula, kwa kuwa chakula kina ladha kikiliwa na wenzi. Hatembei, kwa kuwa hana pa kwenda. Husahau dawa, kwa kuwa hakuna amkumbushaye. Hulala mchana kwa kukosa la kufanya, na usiku hukaa macho akihesabu saa. Akianza kuugua, hapana anayeona mapema.

Kibenga imepata pia mambo yaliyozidisha kujifungia. Ugonjwa wa korona ulipotangazwa nchini tarehe 31 Machi 2020, wazee ndio walioonywa zaidi wasikaribiane na watu, na wengine waliozoea kukaa ndani hawakurudia tena mazoea yao ya zamani. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2021, na tena mwaka 2024, yaliingia katika nyumba zilizo karibu na ufuo, na baadhi ya jamaa wakalazimika kuhama. Mzee aliyekuwa amekwisha kuzoeana na jirani akampoteza. Tena, ukosefu wa mafuta ya gari uliorudi mara kwa mara tangu mwaka 2021 umefanya safari ya kutoka mlimani kuja kumtazama mzee kuwa ngumu na ghali. Ndiyo sababu wageni wamepungua.

MAJI, CHAKULA NA MATEMBEZI

Tuanze na mwili, kwani mwili ukilegea moyo nao hulegea.

Bujumbura ni mji wa joto. Mtu azeekapo, kiu yake hupungua ingawa mwili wake bado wahitaji maji. Basi mzee asingojewe aombe maji. Awekewe chombo chenye maji safi karibu naye, apewe kikombe asubuhi, kila baada ya muda mfupi mchana, na pamoja na chakula. Mzee aliyekaukiwa na maji huweza kuonekana kama aliyechanganyikiwa akili, na watu wakadhani ni uzee. Lakini mwenye maradhi ya moyo au ya figo afuate kiasi alichoambiwa na daktari.

Kuhusu chakula, ziwa letu limetupa mukeke na ndagala, na bustani zatupa lengalenga, maharage na mapapai. Vyote hivyo vyamfaa mzee. Asiye na meno apikiwe laini, maharage yapondwe, na samaki atolewe miiba. Chumvi ipunguzwe, hasa kwa mwenye shinikizo la damu. Na samaki waliokaushwa kwa chumvi walowekwe kwanza, kisha maji yale yamwagwe. Lililo kubwa zaidi ni hili: mzee asipelekewe sahani chumbani kama mgonjwa wa hospitali. Jioni ale mezani au mkekani pamoja na jamaa wote.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba wenye umri wa miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma, pamoja na mazoezi ya kuimarisha miguu na kusimama imara siku 3 au zaidi. Ukizigawa dakika hizo, ni kama nusu saa kwa siku 5. Asubuhi na mapema, kabla jua halijakuwa kali, mjukuu aweza kutembea na babu yake mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Asiyeweza kutoka na afanye mazoezi ya kuinuka kitini na kuketi tena, mara 5 au 10 kwa kadiri ya nguvu zake, akiwa ameshika meza isiyotikisika.

Kuanguka ni adui mkubwa wa wazee. Mfupa wa nyonga ukivunjika, wengi hawatembei tena kama zamani. Sakafu ya bafuni isiachwe na maji wala sabuni. Mikeka iliyokunjamana iondolewe njiani. Chuma cha kushikia kitiwe ukutani karibu na choo, na taa au tochi iwe karibu na kitanda, maana umeme hukatika. Chandarua nacho kisisahauliwe, kwani malaria haina heshima kwa mvi.

MASIKIO NA MACHO

Zaidi ya robo ya watu waliopita umri wa miaka 60 wana upungufu mkubwa wa kusikia. Mara nyingi mzee asiyesikia vema huacha kuzungumza kwa sababu ya haya. Huchoka kuuliza, “Umesema nini?” Jamaa nao huchoka kurudia, na mwishowe huzungumza juu yake kana kwamba hayupo. Hapo upweke huingia hata katika nyumba iliyojaa watu.

Dawa ya kwanza ni adabu. Kaa mbele yake, akuone midomo. Sema polepole na kwa sauti iliyo wazi, bila kupiga kelele. Punguza redio au televisheni wakati wa mazungumzo. Kisha apelekwe kwa mganga wa hospitali, kwani pengine masikio yamezibwa na nta tu. Macho yapimwe pia. Mtoto wa jicho huweza kuondolewa kwa upasuaji, na mzee aliyekuwa akipapasa ukuta akaona tena sura za wajukuu wake.

MZEE APEWE LA KUFANYA

Kosa la watoto wengi wenye mapenzi ni kumnyang'anya mzee kila kazi. “Pumzika, mama, umechoka kutosha,” husema. Nia ni njema, lakini mtu asiye na kazi yoyote hujiona hana thamani. Aachiwe kuchambua maharage, kumwagilia mboga, kukunja nguo, au kufuma kikapu ikiwa mikono ingali na nguvu. Aulizwe shauri linapotokea jambo la ukoo: posa, jina la mtoto, au mgawanyo wa shamba. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Lakini litaachaje kuharibika ikiwa mzee haitwi barazani?

Watoto nao wana fungu lao. Baada ya masomo wakae kwa bibi, watupiane vitendawili kwa Kirundi na kwa Kiswahili, wajifunze majina ya mababu na ya milima walikotoka. Bao lichezwe kivulini. Mzee asimulie, na mtoto mkubwa aandike katika daftari. Kazi hiyo yawanufaisha wote wawili: mzee hukumbuka, na mtoto hurithi.

Huko Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 mpango uitwao Benchi la Urafiki. Akina bibi 14 walifundishwa kuketi kwenye benchi na kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo. Mpango huo ulisaidia wagonjwa wengi, na ukaenea hata nje ya nchi hiyo. Tuangalie vema: hao akina bibi walikuwa watoaji wa msaada.

ASKARI ALIYE MBALI NA NYUMBANI

Wasomaji wetu wengi ni askari wa jeshi na wa polisi. Tangu Desemba 2007, kwa zaidi ya miaka 15, vijana wa Burundi walitumikia Somalia, na wengine wametumwa Afrika ya Kati. Hata aliyepangiwa kazi mkoani aweza kukaa miezi bila kuwaona wazazi wake. Kila aondokapo, nyuma yake yupo mama asikilizaye redio kwa moyo mzito.

Ndugu askari, fedha utumazo kwa simu zahitajika sana, lakini hazitoshi. Panga siku na saa ya kupiga simu, na uishike kama ushikavyo zamu. Dakika 10 kila Jumapili jioni ni bora kuliko saa nzima mara moja kwa miezi 3, kwa sababu mzee hupata jambo la kungojea. Usiulize tu, “U mzima?” Muulize amekula nini, nani amemtembelea, na umwombe akukumbushe jambo la zamani. Ikiwa hawezi kutumia simu, mjukuu afundishwe kumshikia.

MAJIRANI NA NYUMBAKUMI

Kuta za Kibenga zilijengwa kuzuia wezi, hazikujengwa kuzuia salamu. Nyumbakumi ajue ni nyumba zipi zenye wazee wabakio peke yao mchana. Jirani astaafuye na ajitolee kupita mara 2 kwa juma. Waumini wa parokia na wa msikiti wamtembelee asiyeweza kufika kwenye ibada. Wazee 4 au 5 wa barabara moja wakutane kila juma kwa zamu katika nyumba zao, wanywe chai na kuzungumza. Hayo hayahitaji bajeti ya serikali.

Mtumishi wa nyumbani na mlinzi wa lango nao waelezwe. Mara nyingi wao ndio wamwonao mzee kutwa nzima. Wapewe namba za simu za jamaa, na wajulishwe dalili zisizongoja: mdomo kupinda upande mmoja, mkono kulegea ghafula, maneno kuchanganyika, kifua kubana, homa, au kuanguka. Hapo mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Zipo pia dalili za polepole: kukataa chakula, kutooga, kulia bila sababu, kutolala, au kusema kwamba afadhali afe. Maneno hayo yasichekwe, wala yasiitwe utoto wa uzeeni. Ni maradhi yenye matibabu, na mganga aambiwe.

Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 1990 kwamba tarehe 1 Oktoba ya kila mwaka iwe siku ya wazee. Ni jambo jema, lakini mzee hali siku moja kwa mwaka. Leo jioni, ukirudi kazini, kabla ya kuvua viatu na kabla ya kufungua televisheni, pitia kwanza chumbani kwake. Mwamkie, keti, na umuulize siku yake ilikuwaje. Kisha ungoje jibu mpaka alimalize.